Kome wa Kukatwa, Kome wa Kung'olewa

Mimi ni mtu wa wivu, na sioni sababu ya kulizungusha jambo hilo. Wapo wanaoumwa mgongo, wapo wanaoumwa meno; mimi naumwa mume. Wifi yangu, dada yake mume wangu, ambaye tunakaa naye nyumba moja, hupenda kuniimbia jikoni, "Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda," kisha hunitazama kiuno na kuongeza, "Ingawa wewe wifi, wako unakunenepesha." Tulikuwa tukicheka. Tangu Bi Taratibu aajiriwe pale maabara kwetu, anacheka peke yake.

Kazi yangu ni kuvuta nyuzi za kome. Watu wakisikia hivyo huuliza kama kuna mshahara. Upo, ingawa hautoshi. Kome ni yule mnyama wa pwani mwenye magamba mawili yanayojifunga kama mkebe, anayejishikiza kwenye mwamba kwa kishungi cha nyuzi. Wapishi huziita ndevu na kuzitupa, sisi tunazipima. Kila uzi anautengeneza mwenyewe kwa mguu mmoja mdogo ulio kama ulimi: anaunyoosha, anaugusisha jiwe, anatulia kidogo, na akiuinua uzi umeshabaki pale. Upande wa karibu na mwili uzi una mikunjomikunjo na unavutika, kama mpira wa kiuno cha sketi. Upande wa mbali ni mgumu, hauna mzaha. Mwishoni kuna kisahani kilichoganda kwenye jiwe utadhani kimezaliwa hapo. Nyuzi zote hukutana kwenye shina moja, na shina hilo limezama ndani ya nyama ya mnyama.

Utafiti wetu ulikuwa wa kulinganisha ndugu. Kome weusi wanakaa kwenye miamba inayopigwa na mawimbi mchana kutwa. Kome wa kijani wanakaa upande wa ghuba, maji yametulia. Ni watoto wa mtu na ndugu yake, tuseme, lakini mmoja amelelewa kwa viboko na mwingine kwa peremende. Profesa, mkuu wetu, alitaka kujua uzi wa nani una nguvu zaidi na nguvu hiyo inatoka wapi. Mimi nilipewa weusi. Wa kijani hawakuwa na mwenyewe mpaka alipokuja yeye.

Jina la Bi Taratibu nilimpa mimi. Aliambia mlango taratibu, aliambia bomba taratibu, aliambia mashine yangu ya kuvutia nyuzi taratibu, kana kwamba mashine hiyo haikunijua mimi kabla yake. Ni mwembamba, sauti yake ya chini, na akikusikiliza huinamisha kichwa kidogo. Hana mume. Hilo nilimuuliza siku ya kwanza, kabla sijamuuliza alisomea wapi.

Sasa, mkusanyaji wa sampuli pale maabara ni mume wangu. Maji yakitoka, anashuka miambani na ndoo mbili: ya bluu yangu, nyeupe ya yule. Anachukua weusi kwenye mawimbi, anazunguka ghubani kuchukua wa kijani, anarudi anatuwekea ndoo mlangoni. Mimi yangu naimimina moja kwa moja kwenye tangi, maana kazi ni nyingi na siku ni fupi. Na akiwa huko nampigia simu. Mke ana haki ya kujua mumewe yuko wapi. Nampigia akifika, nampigia akiwa katikati ya kazi, nampigia tena nisiposikia upepo nyuma ya sauti yake. Wifi anasema hata zimamoto hawapigiwi hivyo.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu niliyaona. Kwanza alianza kumtaja mezani. "Yule mwenzenu ana subira," alisema jioni moja, mdomo umejaa wali.

"Subira ya nini?"

"Subira tu. Ya kazi."

"Na mimi sina?"

Wifi aliinuka akaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Halafu nikafua shati lake nikakuta mkasi mfukoni. Mkasi mdogo, umenolewa, umefungwa kwenye kitambaa safi, kitambaa ambacho sikukinunua mimi.

"Mkasi wa nini huu?"

"Wa kazi."

"Tangu lini kazi yako ina mkasi?"

"Tangu ilipouhitaji," alisema, akaurudisha mfukoni akiwa ameukunja vilevile. Mimi katika miaka yetu yote sijamwona akikunja hata taulo.

Wifi alijaribu kunipoza. "Labda anakata kucha huko." Nikamwambia mtu hanoi mkasi kwa ajili ya kucha, ananoa kwa ajili ya mtu.

Huku nyumbani yakiwa hivyo, kazini kome wangu nao walikuwa wananiumbua. Utaratibu wetu ni kumweka kila mmoja juu ya kigae ndani ya tangi, kumwacha afume nyuzi zake, kisha kuchukua uzi mmoja mmoja na kuubana kwenye mashine, huku kisahani, kule mwanzo wa uzi, mashine ikavuta polepole mpaka ukatike. Uzi lazima uwe umelowa. Uzi mkavu ni mwongo, hujitia ugumu usio wake. Haya yote niliyafanya kama ninavyoyafanya siku zote, na weusi wangu wakatoa nyuzi za kuhesabika, nyembamba, nyingine zikikatika kabla hata sijakaa vizuri kwenye kiti. Wengine walifungua magamba wakafa, wakanuka. Vigae vya yule vilikuwa vimejaa nyuzi pande zote, na kome wake wamekaa katikati kama mabibi harusi.

"Pole, dada," aliniambia, kichwa kimeinama.

Ningependa zaidi angenicheka, nami nikapata la kumjibu.

Profesa alianza kutikisa kichwa. "Huenda weusi hawana nguvu tulizodhani," alisema. Hebu fikiria. Mnyama anayepigwa na bahari mwaka mzima asitikisike, ashindwe na kigae cha bafuni! Niliona wivu hata kwa niaba ya kome. Wa yule walipendeza, wangu walionekana wazembe, na mimi niliyewapima nikaonekana mzembe kuliko wao.

Asubuhi moja nilifika mapema. Ndoo zote mbili zilikuwa mlangoni, mume ameshaziweka na kwenda kunywa chai, na yule mwenye nyeupe hajafika. Niliinama kwenye ndoo nyeupe. Nisijisingizie sayansi: nilikuwa natafuta alichomwekea. Sikujua ni nini, lakini mwanamume anayekunja kitambaa vizuri hivyo hakosi alichoweka mahali.

Nilimtoa kome wa kwanza. Kishungi chake kilikuwa kimekatwa, kifupi, nyuzi zote sawa, utadhani ametoka kwa kinyozi. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Nikageukia ndoo yangu. Huko hakukuwa na kishungi. Kulikuwa na mashina yaliyong'oka, na kwa wengine kipande cha nyama kimening'inia nje ya gamba.

Yeyote anayefanya kazi hii anajua maana yake. Kome hang'olewi, anakatwa. Ukimvuta, nyuzi zake hazikubali kuachia upesi, basi kinachoachia ni shina, na shina hutoka na nyama. Kwa nje atafunga magamba yake utamwona mzima. Ndani ana jeraha, na mwenye jeraha hana nguvu ya kufuma. Nilikuwa nikipima nguvu za majeruhi na kuziandika kuwa ni nguvu za ukoo mzima.

Wazo hilo la maana lilikuja la pili. La kwanza lilikuwa hili: yeye anamkatia, mimi ananing'olea.

Mtu mwenye busara angesubiri amuulize mumewe nyumbani. Mimi nilikuwa na kikao asubuhi hiyo hiyo. Nilibeba ndoo zote mbili mpaka chumba cha mikutano, nikazitua juu ya meza mbele ya Profesa. Bi Taratibu alikuwa amekaa na kalamu yake, mume wangu amesimama karibu na dirisha na kikombe chake cha chai.

"Profesa," nilisema, "leo nimejua kwa nini kome wangu ni dhaifu. Muulize mume wangu."

Profesa alichungulia ndoo ya kwanza, akachungulia ya pili. Uso ulimbadilika. "Hawa nani kawang'oa?"

"Mimi," alisema mume wangu.

"Na hawa nani kawakata?"

"Mimi."

"Umesikia, Profesa?" Sauti yangu sasa ilikuwa imeshatoka nje kwenye korido. "Mikono ileile! Kwa huyu analala juu ya jiwe anakata uzi kwa uzi kama anamnyoa mtoto mchanga. Kwangu mimi mkewe anang'oa kama mihogo!"

"Dada, ni mimi niliyemfundisha kukata," alisema Bi Taratibu. "Nilidhani unajua. Nilidhani wewe una sababu yako ya kutaka wa kung'olewa."

"Ulimfundisha wapi?"

"Kule mwambani."

"Na kukata kome lazima mtu alale kifudifudi."

"Ndiyo, lazima."

"Kwa hiyo mlilala."

Profesa alikohoa. Mume wangu aliweka kikombe dirishani. Ni mpole yule, lakini mpole naye ana mwisho.

"Nilikuuliza," alisema. "Siku ileile niliyofundishwa nilikuuliza kama na wako niwe nawakata. Ulisema, wewe walete upesi, usikae huko. Nikajaribu hivyohivyo. Kukata kunataka mikono miwili, mmoja umshike, mmoja ushike mkasi. Sasa nitakata na mkono gani? Nikiwa kwa weusi simu inaita, nikiizima unasema nimejificha. Mkono mmoja una simu, wimbi linakuja, nitafanya nini? Nang'oa. Nikifika ghubani, simu haishiki. Huko ndiko nakata."

Nilitamani mtu acheke, angalau iwe kichekesho.

Profesa aliandika kidogo, kisha akatoa hukumu yake kwa ile sauti ya watu wasiojua wanachokifanya majumbani mwa wengine. Vipimo vyote vya weusi vimefutwa. Sampuli zitakusanywa upya, zote kwa kukatwa. Miamba ya karibu imeshamalizwa kwa kung'oa, kwa hiyo itabidi kwenda pwani ya mbali, na kwa kuwa maji hayamsubiri mtu, mkataji mmoja hatoshi. Wanaojua kukata ni wawili. Mimi nitabaki, kwa sababu mashine inanitegemea.

"Mtatumia gari la ofisi," alimalizia, "na mtalala huko mpaka kazi iishe."

Nililoliogopa mwaka mzima, nililitafutia usafiri mwenyewe.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," alisema wifi nilipomsimulia, na kwa mara ya kwanza hakucheka. Alinimiminia chai akaniwekea sukari bila kuniuliza.

Mume wangu alipanga nguo zake. Mimi nilikaa ukingoni mwa kitanda nikihesabu mashati, nikiangalia kama ameweka lile la mistari linalompendeza. Hakuliweka. Hapo napo nikapata shaka: kwa nini asiliweke, kama hana la kuficha?

"Ukisema nisiende, sitaenda," alisema.

"Na kazi?"

"Nimesema ukisema."

Nilitaka kusema usiende. Nilitaka kulikalia lile begi. Lakini kichwani nilimwona Bi Taratibu akiambiwa kwamba safari imevunjika kwa sababu mke wa mtu amelia, akainamisha kichwa na kusema pole. "Nenda," nikasema. "Mimi sijamfunga mtu kamba."

Walivyokuwa huko sitasimulia sana, maana sikuwepo, na ndiyo shida yenyewe. Simu haikushika. Nilijaribu mpaka yule mama wa kwenye mtandao anayesema mtu hapatikani nikamchukia naye kama mke mwenza. Nilimwona mume wangu amelala kifudifudi kwenye kila ukuta niliouangalia, na pembeni yake kiwiliwili kingine, chembamba. Nilikula bila kuonja. Nilimfokea mlinzi wa getini kwa kuniambia habari za asubuhi.

"Wifi, kaka yangu namjua," alisema wifi. "Ni mvivu wa kila kitu. Hata kudanganya ataona ni kazi."

"Mkasi aliunoa. Huo si uvivu."



Walirudi adhuhuri, gari limejaa mchanga. Bi Taratibu alishuka akiwa ameungua jua puani, akanisalimia, nikaitikia salamu na kumwangalia nguo. Mume wangu alikuwa kiti cha nyuma, ameshikilia ndoo zilizofunikwa magunia yaliyolowa. Sikumuuliza safari. Nilichukua ndoo ya bluu kutoka mikononi mwake nikaingia nayo maabara, nikafunga mlango.

Matokeo niyaseme hapa niyamalize. Baadaye tulipowavuta hawa waliokatwa, tuliona kwamba uzi kwa uzi wale ndugu karibu wanalingana. Weusi wanazidi kwa wingi wa nyuzi, na kile kipande kinachovutika kwao ni kinene. Kwa wa kijani, kinachoachia kwanza ni kisahani. Profesa alifurahi sana. Lakini siku ile mimi nilikuwa na utafiti mwingine.

Mume wangu anatumia mkono wa kushoto. Mtu wa kushoto akikata kishungi, ncha za nyuzi hulala kushoto. Mtu wa kulia akikata, hulala kulia. Kwa macho huoni. Kwa hadubini unaona bila shida. Niliwapanga kome wote kwenye sinia, vishungi juu, nikamchukua mmoja mmoja nikamweka chini ya lenzi. Nilitaka kujua wangapi kati ya kome wangu wamekatwa na mkono wake na wangapi na mkono wa yule, maana waliokatwa na yule walikatwa wakiwa bega kwa bega.

Wa kwanza alikuwa wa kushoto. Wa pili wa kushoto. Niliendelea mpaka shingo ikauma, na wote niliowapitia walikuwa wa kushoto. Alikuwa amenikatia yeye mwenyewe, ndoo nzima, na kazi ya kuwakata hao si ndogo. Moyo ulianza kulegea. Ndipo nikamfikia mmoja, mkubwa, mweusi tii, ambaye ncha za nyuzi zake zililala kulia.

Mlango uligongwa. Alikuwa mume wangu, bado na nguo za chumvi.

"Huyu kakatwa na nani?" niliuliza.

Aliinama akaangalia kwenye lenzi. Kisha akaliangalia lile sinia, mistari na mistari ya kome, vishungi vyote vimeelekea juu.

"Mimi."

"Mwongo. Huyu ni mkono wa kulia."

"Mkono wa kushoto ulikufa ganzi, nikahamishia kulia."

"Nionyeshe."

Hakubisha. Alitoa ule mkasi kwenye kitambaa chake, akachukua kome mwingine, akakata nchani mwa kishungi kwa mkono wa kulia, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kwa shida. Nilimweka yule kome chini ya lenzi. Ncha zililala kulia. Na ukingo wake ulikuwa na mapengo yaleyale, ya mkono usiozoea, ambayo yule mwingine naye alikuwa nayo na mimi sikuyatilia maanani.

Nilishusha pumzi. Nilikuwa nimeshinda, kwa hesabu yangu. Nilikuwa karibu kucheka.

"Umewaangalia wote?" aliuliza.

"Wote."

"Mmoja mmoja?"

"Mmoja mmoja. Ulifikiri nitakuachia?"

Alivuta kiti akakaa. Alikuwa amechoka kuliko nilivyowahi kumwona.

"Mwaka mzima nakuletea ndoo," alisema. "Hukuwahi kuangalia nilicholeta. Ungeangalia mara moja tu, ungeniambia, mume wangu, hawa unawaumiza, na ningeacha. Nilikuwa nasubiri useme."

Nilianza kuwapanga upya kome kwenye sinia.

"Yule," alisema, na hakulitaja jina, "aliangalia siku ya kwanza."

Kisha akainuka, akaichukua ndoo ya bluu, akatoka nje kwenda kuiosha.